Parkin ya asali kwa moto wa juu na wa chini

Parkin ni keki nzito ya oti na tangawizi inayotoka kaskazini mwa Uingereza, hasa Yorkshire na Lancashire. Haiumuki sana, haipakwi krimu, na hailiwi siku inapookwa. Ukiikata ikiwa na joto utapata kipande kikavu kinachomeguka, ukingo mgumu, tangawizi inayowasha sehemu moja na kupotea sehemu nyingine. Utasema umekosea vipimo. Hujakosea. Ifunge, iweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, iache siku mbili tatu, kisha ikate tena. Sasa imelainika, juu inanata kidogo, na viungo vimeenea mpaka pembeni. Tanga watu husema waja leo waondoka leo, lakini keki hii lazima ilale.

Tunaiandikia watu wa Tanga kwa sababu karibu kila kinachoipa ladha kinapatikana hapa bila kuhangaika. Asali inashuka kutoka Handeni na Kilindi. Karafuu na mdalasini vinalimwa milimani Amani, wilayani Muheza. Tangawizi nyingi kavu sokoni hutoka Mamba Miamba kule Same. Maziwa mgando hayakosekani. Kinachotoka mbali hasa ni oti. Na zaidi ya vitu hivyo, upwa huu una ujuzi ambao mwokaji wa Yorkshire wa leo ameshausahau: kuoka kwa makaa chini na makaa juu ya mfuniko, kama tunavyooka mkate wa kumimina. Mwenye mkono wa mkate wa kumimina ameshajifunza nusu ya kazi.

Ilikotoka

Kaskazini mwa Uingereza kuna baridi na mvua nyingi, na ngano ilikuwa haistawi vizuri kwenye miinuko yake. Oti ilistahimili. Kwa hiyo watu wa huko, kwa karne nyingi, walikula oti: uji wa oti, mkate bapa wa oti, na siku za furaha mkate wa oti wenye utamu. Nyumba nyingi za wanyonge hazikuwa na oveni. Kulikuwa na moto wa wazi na jiwe bapa au bamba la chuma juu yake, na hapo ndipo ulipopikwa mkate ulioitwa tharf cake, wa oti, mafuta na asali, usio na chachu wala hamira. Huo ndio mzazi wa parkin.

Asali ilikuwa utamu wa kawaida kabla sukari haijawa ya bei ya chini. Baadaye ikaja treacle, ule uji mzito mweusi unaobaki sukari ya miwa inaposafishwa, ukaisukuma asali pembeni kwa sababu ulikuwa rahisi. Urahisi huo una bei iliyolipwa na wengine: miwa ya visiwa vya Karibi ililimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Sisi wa huku hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hilo, maana bonde la Pangani nalo katika karne ya 19 lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na Abushiri bin Salim, aliyewapiga vita Wajerumani mwaka 1888 na 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Vitabu vya upishi vya leo karibu vyote vinataja treacle. Tukirudisha asali, hatubuni kitu kipya. Tunarudi kwenye mkate wa zamani zaidi.

Siku ya parkin ni tarehe 5 Novemba. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwaka 1605, Guy Fawkes, mzaliwa wa York, alikamatwa chini ya jengo la Bunge mjini London akilinda mapipa ya baruti. Bunge likaamuru kwa sheria ya 1606 kwamba siku hiyo iadhimishwe kila mwaka, na sheria hiyo ilidumu hadi 1859. Mioto mikubwa ikawa desturi, na Yorkshire wakawa wanakula parkin wakiizunguka mioto hiyo. Dorothy Wordsworth, dada wa mshairi William Wordsworth, aliandika kwenye shajara yake ya tarehe 6 Novemba 1800 kwamba alikuwa akioka mikate na parkin. Bekingi soda haikuwamo katika mikate ya kwanza. Iliingia karne ya 19, na tangu hapo keki ikawa nyepesi kidogo na ndefu kidogo.

Asali

Hapa ndipo keki inapoharibika mara nyingi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Asali iliyoiva ina maji kiasi cha asilimia 17 hadi 20. Ikizidi hapo huanza kuchacha ndani ya chupa, na keki yako itatoka na ubichi katikati. Kwetu asali huuzwa kwa lita, nayo mizani itakusaidia: lita moja ya asali nzuri ina uzito wa takriban kilo 1.4. Pima chupa tupu, ijaze, pima tena. Ukipata kilo 1.3, maji ni mengi mno. Mizani lakini haitakuambia kama asali imechanganywa na shira nzito ya sukari, kwa sababu uzito wake unakaribiana. Yale majaribio ya kuchovya kiberiti au kudondosha tone kwenye glasi ya maji hayaaminiki pia. Yanaonyesha unene tu, na shira nzito hufaulu kama asali. Nunua kwa mtu unayemjua anakotoa mzigo.

Usitumie asali ya nyuki wadogo wasiouma. Ni nzuri mno kwa kulambwa, ila maji yake mara nyingi huvuka asilimia 25, ina ukali wa asidi, na bei yake haifai kuchomwa motoni. Asali ya nyuki wakubwa kutoka mizinga ya magogo huwa na harufu ya moshi. Wengine wanaikwepa. Kwa parkin tunaipendelea, kwa sababu moshi huo kidogo unaziba pengo la uchungu wa treacle. Unayetaka rangi nyeusi zaidi, toa gramu 50 za asali uweke gramu 50 za sukari guru iliyoyeyushwa na kijiko cha maji.

Asali iliyoganda haijaharibika. Weka chupa kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu, yasiyounguza kidole, itayeyuka taratibu. Ukiichemsha juu ya moto, harufu ya maua inaondoka na unabaki na utamu tu.

Mambo matatu ya asali lazima uyakumbuke mbele ya jiko. La kwanza, inabadilika rangi mapema: sukari ya tunda iliyomo huanza kuwa kahawia kwenye nyuzi 110 hivi, wakati sukari nyeupe husubiri hadi nyuzi 160. Ndiyo maana keki ya asali huungua nje huku ndani bado. La pili, ina asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoamsha bekingi soda. La tatu, inavuta unyevu kutoka hewani na kuushikilia. Tabia hii ya tatu ndiyo inayolainisha parkin koponi, na ndiyo hiyohiyo inayoleta ukungu mji wenye hewa nzito kama Tanga.

Neno moja la tahadhari: keki hii isipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, na joto la ndani ya keki haliziui.

Oti

Nunua oti bapa za kawaida, zile kubwa za kupika uji, zisizo na sukari wala ladha iliyoongezwa. Zile za kumiminia maji ya moto na kula papo hapo zimekatwa ndogo mno na zimeshaiva kupita kiasi, zitageuka uji ndani ya keki. Oti zilizokatwa kama chenga bila kubanwa ni ngumu, zitabaki mbichi katikati ya meno. Shayiri ni nafaka nyingine, isichukue nafasi ya oti hapa.

Mapishi ya asili yanataka oti zilizosagwa kwa ukubwa tofauti. Saga gramu 200 kwenye blenda kwa kubonya na kuachia, kubonya na kuachia, usiiache ikizunguka. Chekecha. Unachotaka ni karibu gramu 80 za unga laini na gramu 120 za chembe zenye ukubwa wa chenga za mchele. Unga laini peke yake hutoa keki nzito inayonatanata kwenye kaakaa. Chembe peke yake hutoa keki isiyoshikana. Huna blenda, kinu na mchi vinatosha, na kwa kweli kinu hutoa mchanganyiko mzuri kuliko blenda kwa sababu kinaponda bila kupasha joto.

Saga kiasi cha siku hiyo tu. Oti ina mafuta mengi kuliko ngano, na ukishaivunja mafuta hayo hukutana na hewa. Kwenye joto letu, unga wa oti uliokaa wiki kadhaa kabatini huanza kunuka kama mafuta ya zamani na kuacha uchungu kooni. Uchungu huo hauondoki kwa kuongeza asali. Onja kiganjani kabla ya kuanza.

Oti pia haina ule mnato wa ngano unaoshikilia hewa. Ndiyo sababu tunatia ngano kidogo, na ndiyo sababu hakuna haja ya kupigapiga mchanganyiko kwa mashine. Hakuna hewa utakayoitega.

Vipimo

Hiki ni kiasi cha trei ya mraba ya sentimita 20, au sufuria ya duara ya sentimita 22: oti zilizosagwa gramu 200, unga wa ngano gramu 150, asali gramu 250, siagi gramu 120, maziwa mgando mililita 80, yai moja, tangawizi kavu ya unga kijiko kimoja na nusu cha chakula, mdalasini kijiko kimoja cha chai, karafuu iliyosagwa robo kijiko cha chai, bekingi soda robo tatu ya kijiko cha chai, na chumvi nusu kijiko cha chai. Siagi ikiwa na chumvi tayari, punguza hiyo chumvi iwe robo.

Asiye na mizani: oti bapa kabla ya kusagwa ni vikombe viwili vya mililita 250, ngano kikombe kimoja na robo, asali robo tatu ya kikombe pungufu kidogo. Paka kikombe mafuta kabla ya kumimina asali, itateleza yote badala ya kubaki ukutani. Lakini tunasisitiza mizani. Kikombe cha oti kinaweza kutofautiana kwa gramu 20 kutegemea ulivyojaza, na gramu 20 za oti hunywa maji mengi.

Samli inafaa sana na inaleta ladha ya vyakula vya kwetu. Tumia gramu 100 tu, kwa sababu siagi ina maji na samli haina, halafu ongeza maziwa mgando kijiko kimoja na nusu cha chakula kufidia. Majarini hufanya kazi, ladha yake hafifu. Maziwa fresh badala ya mgando yatapunguza asidi, hivyo soda yote haitatumika na utaonja sabuni. Ukilazimika kuyatumia, yatie matone ya ndimu na uyaache dakika kumi.

Tangawizi iwe kavu. Mbichi ina maji, na ukali wake ni wa aina nyingine, wa juu ya ulimi. Iliyokaushwa huwasha chini zaidi, kooni, na ukali huo ndio parkin yenyewe. Ukinunua vipande vikavu ukavitwanga na kuchekecha nyumbani, punguza hadi kijiko kimoja cha chakula kwa mara ya kwanza, maana inayotwangwa siku hiyo ina nguvu kuliko ya paketi. Iliki hatuitii. Wengi pwani wataona keki bila iliki haijakamilika, ila harufu yake hufunika asali. Ganda la chungwa la Muheza, lililokwaruzwa juujuu bila ule weupe wa ndani, tunalikubali kwa moyo mweupe.

Kuchanganya

Yeyusha siagi kwenye sufuria nzito kwa moto mdogo. Ikishayeyuka itoe motoni, ndipo umimine asali na kukoroga mpaka vishikane. Mimina maziwa mgando. Mchanganyiko uwe wa uvuguvugu ambao kidole kinastahimili. Tia oti zote na chumvi, koroga, funika, acha dakika 30.

Nusu saa hii usiiruke. Oti zinahitaji muda kunywa maji. Zisipokunywa hapa zitakunywa ndani ya oveni, zikiiba unyevu uliokusudiwa kwa ngano, na keki itatoka na chembe zinazokwaruza. Utaona mchanganyiko uliokuwa majimaji umekuwa mzito kama uji wa mgonjwa. Kama umekuwa mgumu kiasi cha mwiko kusimama, asali yako ilikuwa kavu au oti ni nyingi. Ongeza maziwa kijiko kimoja kimoja.

Wakati oti zinakunywa, washa jiko. Chekecha ngano pamoja na tangawizi, mdalasini, karafuu na bekingi soda, mara mbili, kwa sababu donge la soda likibaki zima hutoa doa jeusi lenye uchungu. Paka trei siagi na utandike karatasi ya kuokea iliyopanda mpaka juu ya ukingo. Keki ya asali hushika chuma vibaya.

Dakika 30 zikiisha, piga yai kidogo, ulitie. Kisha tia ngano yenye viungo na ukoroge kwa mwiko mpaka usione unga mweupe, basi. Toka hapo una haraka. Soda imekutana na asidi ya asali na ya maziwa, mapovu yameanza, na kila dakika inayopita juu ya meza ni povu lililopotea. Mimina kwenye trei, sawazisha, ingiza motoni ndani ya dakika tano. Anayetia soda mwanzoni pamoja na oti, kisha akasubiri nusu saa, atatoa tofali.

Moto

Mwenye oveni aipashe nyuzi 150, aweke trei katikati, aoke dakika 45 hadi 50. Mapishi mengi ya treacle husema 160 au zaidi. Kwa asali shuka. Asifungue mlango kabla ya dakika 35.

Kwa mkaa, tafuta sufuria kubwa yenye mfuniko bapa wa chuma, itakayopokea trei au sufuria ndogo ikibaki nafasi ya vidole viwili pembeni. Mwaga chini mchanga mkavu wa unene wa sentimita mbili. Mchanga wa ufukweni hatuushauri: chumvi yake ikipata unyevu hula alumini. Juu ya mchanga weka vijiwe vitatu au kipete cha chuma ili chombo cha keki kisiguse mchanga. Funika, pasha dakika 15.

Mkaa wa chini uwe tabaka moja tu, umeshika vizuri, umefunikwa na majivu. Mkaa wa juu ya mfuniko uwe karibu mara mbili ya huo. Joto hupanda, kwa hiyo mkaa wa chini una nguvu kuliko unavyoonekana, na asali iliyo chini ya trei ndiyo inayoungua kwanza. Kosa kubwa la keki za mkaa ni kuupenda moto wa chini.

Huna kipimajoto, tumia unga. Nyunyiza kijiko cha unga wa ngano kwenye kifuniko cha kopo, kiweke ndani, funika, hesabu dakika tano. Unga ukiwa na rangi ya kahawia hafifu, uko pazuri. Ukibaki mweupe, ongeza mkaa juu. Ukiwa kahawia iliyokolea, punguza chini na usubiri, kisha rudia na unga mpya. Dakika hizi tano zinaokoa robo kilo ya asali.

Keki ikiingia, usifunue kwa dakika 35. Baada ya hapo tazama. Juu ikiwa bado na rangi ya maziwa, ongeza makaa ya juu. Ikiwa imeshakolea na katikati inatikisika, toa makaa ya juu yote, acha iive kwa joto lililobaki. Kwa mkaa muda huwa kati ya dakika 50 na 65. Upepo wa kusi ukivuma uani hupuliza jiko upande mmoja, kwa hiyo zungusha sufuria nusu mzunguko katikati ya safari. Na iwe uani kweli, au kibarazani penye hewa. Moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua.

Imeiva pale ukingo unapoanza kuachana na trei, katikati ikibonyezwa kwa kidole inarudi, na kijiti cha meno kinatoka na chembe zenye unyevu bila uji mbichi. Kijiti kikitoka kikavu kabisa, umeshapitiliza. Kudidimia kidogo katikati si kasoro, parkin nyingi hufanya hivyo. Shimo la kweli, la kuingia kidole, linatokana na soda iliyozidi, asali yenye maji mengi, au mfuniko uliofunuliwa mapema. Keki yenye rangi nyeusi kuliko kawaida na ladha ya sabuni ina soda nyingi. Usiongeze soda kwa tamaa ya keki ndefu. Kimo chake halali ni vidole viwili.

Kulaza

Iache ipoe kabisa ndani ya trei, saa tatu au nne. Kisha itoe na karatasi yake, izungushie karatasi nyingine safi ya kuokea, iingize koponi nzima bila kukatwa. Usiifunge kwenye nailoni ikiwa na joto. Mvuke utageuka maji, maji yatakaa juu ya asali, na siku ya tatu utaona ukungu wa kijani pembeni.

Kinachotokea koponi ni hiki: ukingo uliokauka motoni unavuta unyevu kutoka katikati, na asali inaushikilia usitoroke. Wakati huohuo mafuta yanasafirisha harufu ya tangawizi na karafuu. Yorkshire, penye baridi ya Novemba, hulaza hadi wiki nzima. Tarehe 5 Novemba kwetu ni mvua za vuli, chumba kina joto la nyuzi 28 au zaidi na hewa imebeba maji. Siku mbili zinatosha, tatu ndiyo kilele chake. Kuanzia siku ya tano ihamishie kwenye friji, na uitoe saa moja kabla ya kula, kwa sababu siagi ikiwa baridi huifanya iwe ngumu kuliko ilivyo. Kwenye friza inakaa miezi miwili bila kulalamika ikiwa imefungwa vipande.

Sisimizi watalipata kopo hata ukilipandisha kabatini. Liweke juu ya kisahani kilichogeuzwa ndani ya sinia lenye maji kidogo.

Ikate siku ya kuliwa kwa kisu chenye meno kilichochovywa kwenye maji ya moto. Trei ya sentimita 20 inatoa miraba 16 ya sentimita tano. Kimoja kinamtosha mtu, kwa sababu oti inashibisha. Kwa kinywaji, kahawa chungu iliyopikwa bila sukari ndiyo haki yake, kama ile inayokwenda na kashata jioni. Chai ya maziwa yenye sukari inaizima.

Tharf cake, kwa asiye na siku mbili

Anayetaka kula leo apike ule mkate wa zamani. Hauna ngano, hauna yai, hauna soda. Changanya oti zilizosagwa gramu 250, samli iliyoyeyushwa gramu 60, asali gramu 100, tangawizi kavu kijiko kimoja cha chai na chumvi robo kijiko. Tia maji ya moto vijiko vitatu vya chakula, koroga, acha dakika 20. Ukibonyeza kiganjani donge lishikane bila kunata. Likivunjika, ongeza maji kijiko kimoja.

Pasha chuma cha chapati kwa moto mdogo sana, moto ambao chapati isingeiva. Pakaza samli, bonyeza mchanganyiko uwe duara la unene wa sentimita moja, lainisha kingo kwa upande wa kisu ili zisipasuke. Kata msalaba upate robo nne hapohapo juu ya chuma, kabla haujashika. Funika kwa sufuria, pika dakika 12, geuza robo moja moja, pika nyingine 8 hadi 10. Rangi iwe ya kahawia ya dhahabu na harufu iwe ya karanga zilizokaangwa. Ukinusa harufu ya sukari kuungua, nyanyua chuma motoni mara moja, maana asali ikianza kuungua chini haisubiri.

Robo ikivunjika wakati wa kugeuza, isogeze pamoja kwa upande wa mwiko, ibonyeze, iache dakika tatu bila kuigusa. Asali ya chini itaishika tena. Usirudishe mabaki kwenye bakuli kuyakanda upya na maji, oti zilizokwisha kuiva hazishikani mara ya pili.